Besi Inayosalimia

Hebu mwone akija. Ni mzee mrefu, mwembamba, na anaingia mlangoni ubavuubavu, hatua ndogondogo, kwa sababu mgongoni amebeba kitu kilichoviringishwa blanketi na kufungwa kamba za viatu, na kitu hicho kina shingo ndefu kuliko yake. Hataki shingo hiyo iguse fremu ya mlango. Ukimwambia karibu, haitikii kwanza. Anakishusha kile kitu, anakilaza kwenye kochi, anakifunua upande wa kichwa kama unavyomfunua mtoto mwenye homa kuona kama amelala. Ndipo anageuka. Ndipo anakumbuka kwamba na wewe umo humo chumbani, na anakupa mkono.

Huyo ndiye Mvumo. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye karatasi za pensheni, na hata karani wa pensheni akiliita inabidi mkewe amfinye ndipo ajue anaitwa yeye. Kila mtu anamwita Mvumo, kwa sababu ya hicho alichokilaza kwenye kochi: gitaa la besi la umeme, la nyuzi nne, lililotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja Mvumo alisimamia mtambo wa kuchapa vitabu vya shule. Ulikuwa mkubwa kama chumba na sebule, na ukiwashwa, chai ilitetemeka vikombeni hadi ofisi za ghorofa ya juu. Mtambo ule ulimlisha, ukamjengea nyumba, na ukamla masikio. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ukaondoka mlio wa mbu, wakaondoka ndege, ikaondoka kengele ya simu, mwishowe ikaondoka sauti ya mkewe akiwa jikoni. Mkewe anasema hiyo ya mwisho iliondoka kwa makubaliano.

Kilichobaki ni sauti nene. Na bahati nzuri kiwanda kilikuwa na bendi ya wafanyakazi, na bendi ilikuwa na besi, na hakuna aliyeitaka. Wote walitaka kupiga gitaa la mbele, lile linalolia kama mtu anayebembeleza. Mpiga besi hana mashabiki, ana majirani tu wanaolalamika. Mvumo akaichukua. Alipoweka kidole kwenye uzi mnene kwa mara ya kwanza, anasema, alihisi kama mtambo wake umepata adabu.

Bendi ilipovunjika, vyombo vilitupwa stoo. Siku Mvumo anastaafu, meneja alisimama mbele ya wafanyakazi na saa ya ukutani iliyofungwa utepe. Mvumo akasema asante sana, mkubwa, lakini kama si taabu, naomba lile gitaa bovu la stoo pamoja na amplifaya yake, lile sanduku la kupaza sauti. Watu wakacheka. Dereva wa kiwanda akasema, "Mzee kaacha saa, kachukua kuni." Mkewe, aliyekuwa ameshaitafutia ile saa msumari ukutani, hakucheka. Tangu siku hiyo analiita lile gitaa mke mwenzangu.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa ni hayo tu: mzee, sebule, na mvumo unaotikisa vioo vya kabati. Hadi alipopita barabarani mpimaji ardhi mmoja mstaafu, mtu mfupi mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni, ambaye marafiki zake wanamwita Mzee Lenzi. Aliusikia mlio kutoka dirishani, akasimama katikati ya barabara mpaka baiskeli ikampigia kengele. Akabisha hodi.

"Samahani, bwana," akamwambia Mvumo, hajakaa bado. "Hicho unachopiga kina mifuniko yake miwili ya chuma?"

"Ipi?"

"Mmoja juu ya sumaku, mmoja pale nyuzi zinapoanzia. Watu huwa wanaing'oa."

"Yote ipo. Kwa nini waing'oe?"

"Wanafanyia visahani vya majivu ya sigara!" alisema Mzee Lenzi, na sauti ikamkatika kama anayesimulia msiba. Kisha akapiga magoti sakafuni, bila kuijali suruali yake ya pasi, akaanza kukagua skrubu moja baada ya nyingine kwa kile kioo. Mke wa Mvumo alitoka jikoni, akamwona mwanamume asiyemjua amepiga magoti mbele ya mke mwenzake, akarudi jikoni.

"Nzima," Mzee Lenzi akasema hatimaye. "Nyuzi ni zilezile. Vanishi ni ileile. Skrubu haijaguswa hata moja. Bwana, hujui una nini humu ndani."

Na kweli hakujua. Hakujua kwamba mjini walikuwepo watu wazima, wenye kazi na wajukuu, wanaokutana kila Jumamosi saa tisa alasiri kuangalia magitaa ya besi ya zamani, kuyashika, kuyanusa, na kubishana kama rangi hii imefifia kwa jua au kwa jasho la kiwiko. Alikuwepo daktari wa meno mwenye besi tatu. Alikuwepo fundi viatu aliyekuwa na moja tu, yenye shingo iliyopinda kidogo, lakini alishona mikanda ya ngozi ya kuvalia gitaa ambayo wote waliivaa. Wakahamia kwa Mvumo, kwa sababu sebule yake ilikuwa na sakafu ya saruji tupu, haina zulia wala vigae. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwao. Walikuwa wanavua viatu na soksi, wanasimama peku, wakiamini kwamba besi huingia mwilini kwa kuanzia nyayo.

Walikuwa na mambo yao mawili yasiyovunjwa. La kwanza, chombo hakifunguliwi. Gitaa au amplifaya iliyofunguliwa, hata na fundi bingwa, hata kwa kubadilisha waya mmoja, haiitwi tena nzima, na mwenyewe huionyesha akiwa ameinamisha macho. La pili ni salamu. Ukisimama peku kwenye saruji, amplifaya ikiwa imewaka, ukagusa nyuzi kwa mgongo wa vidole, unahisi kitu kinatambaa chini ya ngozi, chepesi, kama sisimizi. Wao wakaita hiyo salamu. Walisema vyombo vipya havisalimii. Walisema kile kijitetemo ndio uhai wa chombo. Besi ya Mvumo, ikiungwa kwenye amplifaya yake yenyewe, ilikuwa inasalimia kuliko zote, na kila mgeni aliyekuja alipelekwa aisalimie kabla hajapewa kiti.

Sasa nikueleze kuhusu Cheche. Ni mtoto wa marehemu dada yake Mvumo, aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo tangu akiwa na miaka sita. Yeye humwita Mvumo Mjomba, na mke wa mjomba humwita Mama. Ni fundi umeme wa majengo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono yenye makovu madogomadogo na tabia ya kuangalia soketi za nyumba za watu kabla hajaangalia nyuso zao. Jumapili moja alikuja kula, akamkuta Mama anafuta vumbi juu ya amplifaya kwa ufagio wa manyoya uliofungwa kwenye mti mrefu.

"Mama, mbona unaifuta kwa mbali hivyo, inanuka?"

"Wiki iliyopita niliipitishia kitambaa kibichi. Mke mwenzangu akaning'ata. Mkono ulikufa ganzi mpaka kwapani."

Cheche hakucheka. Alitoa mfukoni testa, ile bisibisi ndogo yenye kitaa kwenye mpini, akamwambia mjomba wake awashe. Akaigusisha ncha kwenye uzi mnene. Kitaa kikawaka, si sana. Kama sigara ya mtu aliyesimama mbali gizani.

"Mjomba," akasema kwa nguvu, maana na Mvumo lazima useme kwa nguvu, "hii si salamu. Huu ni umeme wa ukutani."

"Umeme mimi naujua kabla wewe hujaota meno."

"Mtambo wako ulikuwa na waya wa ardhi. Tazama plagi hii. Miguu miwili! Kukiwa na hitilafu humo ndani, njia ya umeme kwenda ardhini ni wewe. Na unasimama peku, Mjomba. Peku!"

"Mbona miaka yote hii sijafa?"

"Kwa sababu humo ndani kuna kidude kinauzuia. Kidude chenyewe kinanizidi umri. Siku kikichoka…"

"Mimi pia nitakuwa nimechoka. Kula, chakula kinapoa."

Jumamosi iliyofuata Cheche alikuja kuwaambia wote. Walimsikiliza kwa heshima, kama watu wanavyomsikiliza mtu wa bima. Mzee Lenzi akamwambia, "Mwanangu, vyombo hivi vimepigwa miaka hamsini. Nani kafa?"

Fundi viatu, ambaye huwa haongei sana, akasema akiwa ameangalia vidole vya miguu yake, "Yupo yule mpiga besi wa bendi ya reli."

"Yule alikufa kwa moyo."

"Alikufa jukwaani. Alikuwa anashika maiki ashukuru watu."

"Moyo, bwana! Daktari aliandika moyo."

"Ndiyo," akasema fundi viatu. "Moyo ulisimama. Hilo hata mimi sibishi."

Daktari wa meno akakohoa, akauliza kama kuna chai. Mvumo alikuwa anatabasamu tu, akiwaangalia midomo, na Cheche hakujua amesikia kiasi gani.

Kuanzia hapo kile kitaa hakikumtoka kichwani. Yuko juu ya ngazi kwenye jengo, anafunga taa za ofisi za watu, anaona sebule ile ya saruji na nyayo za mzee. Simu ya Mama ikiita mchana wa siku ya kazi, kabla hajapokea, ameshaanza kushuka ngazi. Mara nyingi Mama alikuwa anataka kujua tu kama anakuja na vitunguu.

Akakata shauri. Alhamisi moja Mvumo alikwenda kliniki kuonwa na mtu wa masikio, na foleni ya huko ni ya kutwa nzima. Mama akamfungulia Cheche mlango, akasimama dirishani akiangalia njia.

"Utanifukuzisha kwa mjomba wako," alisema. "Fanya haraka. Na usiguse vanishi."

Cheche alifanya kazi ile kama anayetoa mwiba kwenye jicho. Ncha ya bisibisi aliivisha kipande cha kitambaa isikwaruze. Kila skrubu aliipanga kwenye karatasi mahali pake, na namba. Alipovuta bati la nyuma, harufu ya nta iliyoungua ikamjia puani. Kile kidude alikiona mara moja: kimevimba, kimepasuka ubavu, kimetokwa na ute uliokauka kama machozi ya mshumaa. Ukikitazama ulijua kwamba suala halikuwa kama kitachoka. Kilikuwa kimeshachoka, kinajikokota tu. Akakitoa, akapitisha waya mpya wenye njia ya ardhi, akafunga plagi ya miguu mitatu, akarudisha skrubu zote. Akawasha. Akagusisha testa kwenye uzi. Kitaa hakikuwaka hata kidogo.

Alikaa chini sakafuni, akavua viatu vyake, akashika nyuzi zote nne kwa mkono mzima. Hakuna kitu, ni chuma baridi tu. Machozi yakamtoka, ya raha.

Jumamosi saa tisa wakaja. Mzee Lenzi akavua soksi, akazikunja, akasogea, akaweka mgongo wa vidole kwenye nyuzi. Akavitoa. Akaviweka tena.

"Haisalimii," akasema.

Daktari wa meno akajaribu, kisha fundi viatu. Mzee Lenzi akazunguka nyuma ya amplifaya, akaona plagi, akachuchumaa na kioo chake. Chumba kizima kilimngoja. Kwenye skrubu ya nne kutoka kushoto, penye mfuo wa bisibisi, palikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa, mwembamba kama unywele. Tena inawezekana haukuwa wa Cheche. Lakini ulikuwepo.

"Imefunguliwa, Mvumo. Pole sana." Na alisema pole hiyo kwa dhati, akimshika bega.

Mvumo hakufoka. Aliwatazama, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama na trei ya vikombe, kisha akamtazama Cheche mlangoni, na Cheche akatamani apigwe kofi. Wageni walikunywa chai haraka wakaondoka mapema. Ndipo Mvumo akamwita mpwa wake akae karibu naye kwenye kochi.

"Sikupiga leo," akasema. "Umeona?"

"Nisamehe, Mjomba. Lakini kile kidude kilikuwa kimepasuka, nimekitunza, nikuonyeshe…"

"Ngoja. Alhamisi nilipokwenda kliniki, yule bwana alinivisha yale madude ya masikioni. Akasema sauti nene nayo inaondoka. Amesema kufika mwakani itakuwa imekwisha."

Mama aliyekuwa anakusanya vikombe akaviacha.

"Mbona hukutuambia?" Cheche akauliza.

"Mngenihurumia. Sipendi kuhurumiwa na mtu niliyemfundisha kufunga viatu." Akanyoosha mkono, akaugeuza, akauangalia mgongo wa vidole vyake. "Tangu mwaka jana sisikii besi sawasawa kwa sikio. Napiga, nahisi ile salamu inavyocheza kwenye nyuzi. Najua uzi umeitika, najua unavuma kiasi gani, najua umekufa lini. Ninyi mnaita umeme. Kwangu ndiyo masikio niliyobakiwa nayo."

"Egemeza goti kwenye boksi, utahisi mtikisiko."

"Nimejaribu goti. Nimejaribu meno kwenye shingo ya gitaa, mama yako akanikuta akadhani nimerukwa na akili. Si sawa, Cheche. Ni kama kumsalimia mtu kwa dirisha lililofungwa."

Siku ile Cheche alirudi kwake kwa miguu, mwendo wa saa nzima, bila kujua amepita wapi.

Wiki mbili Mvumo hakupiga. Besi ilirudi kwenye blanketi. Alikuwa anakaa kibarazani mikono mapajani, na mtu akimsalimia anaitika kwa kutikisa kichwa. Kwa aibu nasema Cheche alifurahi. Alijiambia mzee atazoea. Watu huzoea.

Kisha Jumamosi moja alifika akakuta mlango uko wazi, vioo vya kabati vinatetemeka, na mjomba wake amesimama peku katikati ya sebule, uso unameremeta kama wa bwana harusi. Mbele yake palikuwa na amplifaya nyingine, nyeusi, kubwa zaidi, kona zake zimeliwa na kutu.

"Tumebadilishana!" Mvumo akapaza sauti. "Na Daktari! Yeye ana wajukuu watundu, anaitaka ile yenye miguu mitatu. Mimi kanipa hii. Haijafunguliwa tangu izaliwe! Njoo uisalimie!"

Daktari wa meno alikuwa amekaa pembeni na viatu vyake miguuni. Ndiye pekee aliyevaa viatu chumbani. Hakumtazama Cheche machoni.

Cheche akatoa testa. Ncha ilipogusa uzi, kitaa hakikuwa tena sigara ya mtu wa mbali. Kiliwaka wazi, cha rangi ya chungwa, na mwanga ukaonekana kwenye kucha yake.

"Daktari," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilimwambia. Nilimwambia hii inauma. Akasema vizuri."

Ndipo Cheche alipoona alichokifanya. Kile alichokitengeneza kilikuwa salama sasa, nyumbani kwa mtu mwingine. Na mjomba wake, aliyekuwa na kitu kinachojikokota, sasa alikuwa na kibaya zaidi, na alikipata kwa sababu yake.

Hii mpya hakuweza kuifungua. Mvumo aliifunga mnyororo kwenye nondo ya dirisha, na alipotoka nyumbani aliondoka na waya wake wa umeme mfukoni, Cheche asipate pa kuweka plagi nyingine. Cheche akaleta kifaa cha kuchomeka ukutani, kile kinachokata umeme wenyewe ukianza kuvuja. Amplifaya ilipowashwa tu, tak, kikakata. Mara ya pili, tak. Mara ya tatu Mvumo akakichomoa, akampa mkononi kwa upole. "Chako hiki. Hakitaki muziki."

Mama ndiye aliyepata suluhu ya nusu. Alimpigia mumewe magoti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi, akamwomba akipiga asimame juu ya kipande cha mpira. Mvumo akakubali. Lakini Mama alisema akimchungulia kutoka jikoni anamwona amesimama juu ya mpira kama mtu mtii, na kidole gumba cha mguu mmoja kimetoka nje, kimegusa saruji, kama anayepima maji ya kuoga.

Sasa ikafika siku ya maonyesho. Mara moja kwa mwaka wapenzi wa besi hukodi ukumbi wa shule moja, asubuhi, wanaalika ndugu na jamaa. Kila mmoja anapiga, kisha anashika maiki na kusimulia chombo chake kilipotoka. Mvumo alikuwa wa mwisho, mahali pa heshima, na alikuja na ile amplifaya nyeusi na kipande chake cha mpira. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu sitini waliingia na viatu vya tope, na mhudumu akapiga deki mara mbili, hadi juu ya jukwaa la saruji. Saa nne ilipofika sakafu ilikuwa bado inang'aa kwa maji.

Cheche alipita jukwaani kabla ya watu kukaa. Aliigusa stendi ya maiki kwa testa yake, akaufuata waya wa maiki mpaka ukutani. Maiki ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, ina waya wa ardhi, fundi aliyeifunga alikuwa anajua kazi. Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuwa. Mpiga besi akimaliza haachi nyuzi hivihivi, zitaendelea kuvuma zenyewe. Huzinyamazisha kwa mkono wa kushoto, anazikumbatia zote nne. Wa kulia unabaki huru. Akinyoosha wa kulia kushika maiki, umeme utapata njia safi ya kwenda ardhini, mkono hadi mkono. Na kati ya mikono miwili ya binadamu kuna nini?

Akamweleza Mzee Lenzi. Mzee Lenzi akamshika mkono kama anayembembeleza mfiwa. "Mwanangu, leo ni siku yake. Usimharibie mara ya pili."

Basi Cheche akaenda kusimama ukutani, kando ya jukwaa, kwenye sanduku la swichi kuu. Akaufungua mlango wake. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Mvumo akapiga. Sijui nikuelezeje. Hakupiga mengi. Alipiga noti chache, kubwa, zenye nafasi kati yake, na kila moja ilikwenda mpaka mwisho wake kabla hajaita nyingine. Watu waliweka viganja vifuani bila kujua. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Mguu wa kushoto wa Mvumo ulikuwa umetoka kwenye mpira, wote, umekanyaga sakafu mbichi, na mshipa wa taya ulikuwa umemsimama, lakini macho aliyafumba na alikuwa anatabasamu kama anayeongea na mtu. Noti ya mwisho ikazama. Mkono wa kushoto ukakumbatia nyuzi. Makofi yakalipuka. Akafumbua macho, akasogea, akanyoosha mkono wa kulia.

Cheche akashusha swichi.

Taa zikazimika, spika zikakata, na katika mwanga wa kijivu wa madirisha wote walimwona Mvumo amesimama na vidole vyake vimebakiza inchi moja kufika kwenye maiki. Makofi yakafa. Watu wakageuka, wakamwona aliyeweka mkono kwenye swichi.

"Umefanya nini wewe?" Mzee Lenzi akafoka. Lakini alikuwa ameona sura ya Cheche, na hatua yake ya kwanza haikuwa kuelekea kwake. Alipanda jukwaani, akaichukua ile maiki na stendi yake, akaibeba mpaka mwisho wa ukumbi. "Haya! Maiki imeondoka. Umeridhika? Mwache mwenzako amalizie."

Mvumo aliufuata mkono wa Lenzi kwa macho, akaelewa. Akamtazama mpwa wake. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Nilikuwa nasikia, Cheche," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Leo nilisikia zote. Hata ile ya nne kabla ya mwisho, ambayo huwa inanipotea. Bado nina moja nataka kumpigia mama yako."

"Vaa viatu, Mjomba. Nakuomba."

"Nikivaa sisikii. Unajua." Akairudisha mikono kwenye nyuzi, tayari, nyayo mbili kwenye saruji mbichi. "Na utasimama kwenye swichi mpaka lini? Kesho nitapiga nyumbani. Keshokutwa nitapiga. Utahamia ukutani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha. Cheche akamtafuta Mama kwa macho. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili, anamwangalia mumewe, na uso wake haukuwa na ndiyo wala hapana.

"Washa, mwanangu," Mvumo akasema.

Wewe msomaji, ungekuwa ndiye uliyesimama pale, mkono kwenye swichi, ungewasha?